Lalamiko Dhidi Yangu Lililokosa Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Msimamizi wa kliniki yetu hapa Gisenyi, Rwanda, aling'oa unywele mmoja kichwani mwangu. Wakati huo bado nilikuwa na nywele. Akauweka mezani, akaufunika kwa karatasi tano.

"Utafute na vidole," akaniambia. "Siku utaupata, ndipo utagusa mugonjwa."

Ilinichukua wiki tatu. Hiyo ndiyo ostiopatia, ninyi vijana mnaouliza: kutibu mifupa, misuli na viungo kwa mikono mitupu. Vidole husoma kwanza, kisha kiganja husukuma.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania na cheti changu. Niliwatibu wabeba viazi wa Mudende na vijana wa pikipiki wa Rugerero wenye viuno vya wazee. Sista alipohamishwa akaja Mkuu wa Kliniki, daktari wa upasuaji, aliyeniita bwana wa masaji mbele ya wagonjwa. Nilimeza. Siku moja nikamuuliza ni nani anayepaswa kuikagua kazi yangu.

"Bon, we uko munganga ama uko mutu wa kukanda mukate?" akasema. "Ukishajua, uje tuongee."

Nilidhani ni dharau tu. Kumbe hata yeye hakujua ni nani.

Kisha akaja Mama Furaha, muuza sambaza, vidagaa vya ziwa letu, aliyekuwa akibeba beseni kichwani kutoka mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, hadi sokoni kila asubuhi. Shingo ilikuwa imekaza. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikajiona fundi. Sikusoma kwa vidole. Niliizungusha shingo ile kwa mpigo mmoja, na mkono wake wa kushoto ukafa ganzi. Mpaka leo hawezi kubeba beseni kichwani, na kikombe humponyoka.

Nilimwambia ukweli siku hiyohiyo, kwamba kosa ni langu.

"Sitaki ufungwe," alisema. "Nataka kuwe mutu anaandika: huyu alikosea, asiguse shingo tena mpaka afundishwe. Mutu huyo iko wapi?"

Niliandika lalamiko dhidi yangu kwa mkono wangu, akatia sahihi, tukalipeleka pamoja. Ofisi ya madaktari walisema mimi si daktari. Ofisi ya wanyoosha viungo wa hospitali walisema hiyo si fani yao. Ofisi ya waganga wa jadi waliniuliza natumia mizizi gani. Karani mmoja alitushauri tujaribu kwa wakaguzi wa hoteli, eti kule ufukweni kuna masaji. Mimi mkosaji nilisimama pale nikiomba kushtakiwa, na hakuna aliyetaka hata kugonga muhuri. Nilikasirika.

Nikajihukumu mwenyewe, sikuzungusha shingo tena. Lakini mganga hajigangi. Ningeamka kesho yake nikajisamehe, nani angejua?

Miaka ikapita, sisi watu wa ostiopatia tukaitwa mkutanoni kuchagua nani atusimamie. Ofisi zilezile zilizotufukuza sasa zote zilitutaka. Mchana kutwa waligombea nani akae juu ya nani. Nikanyoosha mkono.

"Mgonjwa akiumizwa, agonge mlango gani?"

Mwenyekiti alitazama saa yake. "Mzee, hilo tutaliangalia muundo ukishakamilika."

Sijausikia huo muundo. Ni aibu, na nasema hivyo bila kutafuna maneno. Mimi sijali ni ofisi ipi. Wamkalishe mtu anayeweza kuupata unywele chini ya karatasi tano, na kando yake mtu kama Mama Furaha. Wasiposhika mgongo wa mtu, watajuaje nani ameuharibu?

Siku ya kustaafu kwangu Mkuu wa Kliniki alinisomea cheti mbele ya wote: "Katika utumishi wake wote, hakuna lalamiko lililopokelewa dhidi yake." Watu wakapiga makofi. Nilitamani sakafu inifiche, maana Mama Furaha nilimwalika mwenyewe, alikuwa amekaa safu ya pili.

Baadaye alikiomba kile cheti, akakisoma polepole, amekishika kwa mkono wa kulia.

"Hawakudanganya," akasema, akinirudishia. "Mi nililipeleka. Ni wao hawakulipokea."