Tundu Chini ya Taa

Mume wangu hakuweza kuvumilia tundu. Nyumba yetu ya Kasongo iliezekwa kwa majani, na mvua ikianza tu, tayari alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho juu, akitafuta tone. Akiliona, hali wala halali mpaka azibe tundu lake. Majirani walimtania kwamba ameoa paa, mimi ni mke wa pili. Nilicheka pamoja nao.

Enzi zile za Wabelgiji alikuwa dereva wa kamyo ya mfanyabiashara mmoja, akibeba pamba kutoka Kabambare. Msimu mmoja wa mvua aliona ukungu ndani ya kioo chekundu cha taa ya nyuma. Akaifungua, akaikausha juani, akakata ukanda wa mpira wa gurudumu bovu, akauzungusha kwenye kioo na kupaka nta ya nyuki. Kisha akagundua tundu dogo chini kabisa ya taa, la kupita punje ya mchele.

"Ona kazi ya Bazungu," akaniambia. "Wanatengeneza taa, wanasahau tundu."

Akaliziba kwa ulimbo, akaniita nije kutazama. Alifurahi utadhani amemaliza kujenga nyumba.

Mvua hazijaisha, binti yetu, wa kwanza na wakati ule wa pekee, akashikwa na homa tukiwa Kabambare kwa dada yangu. Kifua kikawa kinavuta. Munganga wa zahanati alisema apelekwe hospitali ya Kasongo upesi. Mume wangu alikuwa amekuja kupakia pamba, basi tukapanda mbele pamoja naye, mtoto nimempakata.

Mvua ikatukuta njiani. Siku zile mvua ikinyesha, njia ilifungwa kwa mti uliolazwa katikati, magari yangoje udongo ukauke, yasije yakaichimbua. Tuliuita baryeri. Tuliufikia adhuhuri, na ulipokaribia kuinuliwa jua lilikuwa linazama. Mlinzi akazunguka nyuma ya kamyo.

"Taa yako ya nyuma haiwake," alisema. "Giza inaingia. Siwezi kukufungulia."

"Ndugu yangu, mutoto iko mugonjwa sana."

"Naona. Lakini nikikuacha upite, kesho wananifunga mu kasho. Na mimi niko na batoto."

Hakuwa mtu mbaya. Mke wake alituletea maji ya moto. Nilivua kitambaa changu chekundu cha kichwa, nikamwomba mlinzi tukifunge kwenye taa yake ya mafuta, tuitundike nyuma. Alikishika, akakitazama kitambo, akanirudishia.

Mume wangu akachukua kisu, akapiga magoti nyuma ya kamyo. Kisu kilipobandua ule ulimbo wa chini, maji yakamwagika kwa mkupuo, mekundu kwa kutu, yakamlowesha mapaja. Hakuondoka. Nilimwona akilitazama lile tundu, nikajua ameelewa. Waliolitoboa walitaka maji yawe na pa kutokea. Juu, pale panapopita waya, yalikuwa yakiingia bado, na yeye ndiye aliyeyafungia humo. Aliipangusa taa kwa kitenge changu, akaikausha juu ya moto wa mlinzi, akakwangua kutu, akairudisha. Haikuwaka.

Alfajiri mtoto alikuwa amepoa mikononi mwangu, kifua hakivuti tena. Mti ukainuliwa. Tuliingia Kasongo mchana kweupe, na hakuna aliyetuuliza habari ya taa.

Niliwachukia wote siku ile: mlinzi, mvua, hata kile kitambaa. Mume wangu peke yake sikuweza kumchukia, na kumfariji pia sikuweza. Tulizika, tukakaa matanga, watu wakarudi kwao.

Msimu uliofuata paa lilivuja, tone likaanguka pale alipokuwa akilala binti yetu. Nilingoja mume wangu asimame atazame juu kama desturi yake. Alibaki amekaa, mikono katikati ya magoti.

"Baba, panda uzibe," nilimwambia. "Inalowesha mukeka wake."

"Acha," alisema. "Maji iende yake."

Nikaukunja mkeka. Nikaenda kuchukua sufuria ndogo niliyokuwa nikimpikia mtoto uji, nikaitega pale, tukakaa wawili tukilisikiliza lile tone.