Kidole ya delco ilikuwa mufukoni mwangu

Admin, tafazali ficha jina yangu, maana huku Kisangani tunajuana mpaka kwa namna mutu anatembea. Niko mwanaume wa miaka makumi tano na tatu, ninakaa komini ya Tshopo, niko na bibi na watoto wane. Hata bibi yangu hajui hii maneno. Musinitukane mbele ya kumaliza kusoma. Mukimaliza, tukaneni.

Wakati wa vita nilikuwa bado sijaoa, nilikuwa na kagari kazee, mulango moja inafungwa na kamba. Rafiki yangu, nitamuita Dieudo, tulikuwa tunakaa naye parcelle moja, kiwanja kimoja. Makanika hakuisomea popote, lakini gari ilikuwa inamusikia. Asubuhi tunasafisha mabuji, zile plagi za kuwasha moto wa injini, tunaziba tundu ya tanki na sabuni, kisha tunaenda kutafuta makala ya kupikia, unga, mafuta ya mawese, tunapeleka mama yangu soko. Tukipata kidogo tunakula samaki pamoja juu ya boneti. Kusema kweli, ile ndiyo miaka nilicheka zaidi, hata kama risasi zilikuwa zinalia.

Shida ilikuwa waaskari. Gari yoyote yenye kuwaka walikuwa wanaichukua, mara ingine na dereva yake. Donc kila mwenye gari alikuwa na dawa yake. Sisi, kila tukirudi nyumbani, tunatoa kidole ya delco. Ni kakitu kadogo kanaenea kwenye kiganja, ndiyo kanagawa moto kwa mabuji. Bila hako unaweza kupiga startere mpaka kesho, gari inanyamaza. Tulikuwa tunakaficha ndani ya kopo ya muchanga karibu na jiko, na ni sisi wawili tu tulijua. Waaskari wanakuja, wanapiga funguo, gari inakataa, wanatutukana na kwenda zao.

Sasa, watu wa avenue wakaanza kusema "gari ya Dieudo". Mama moja alinisimamisha mimi mwenyewe akaniambia: "Uniombee Dieudo anisaidie na gari yake." Nilicheka, lakini ilinichoma. Kisha asubuhi moja nikakuta gari haiko. Dieudo alikuwa amepeleka bibi yake, Anto, kupimwa mimba, na hakuniambia. Anto alikuwa na mimba ya miezi tisa, na mimi nilijua vizuri siku zake zimekaribia. Dieudo aliporudi nikamuuliza: "Gari ni ya nani?" Akajibu na kucheka: "Ndeko, ndugu yangu, gari ni ya ule anajua kuiwasha." Alikuwa ananitania, kama siku zote. Mimi ile neno ilinikwama hapa, kama mufupa wa samaki.

Kesho yake nilikuwa ninavuka mto Kongo kwenda Lubunga kutafuta mihogo. Nilitoa kidole ya delco, nikaitia mufukoni mwa suruali. Si ndani ya kopo. Munisikilize vizuri, sikusahau. Nilifanya makusudi. Nilijisemea: leo atajua kama gari iko na mwenyewe. Nilipanga kurudi mbele ya saa nane.

Saa sita mabombe yakaanza kuanguka mujini. Pirogi zote, ile mitumbwi ya kuvusha watu, zikasimama. Nilikaa Lubunga siku tatu, nimelala chini ya kitanda cha watu nisiowajua, mukono mufukoni, ninamuomba Mungu uchungu usimushike Anto. Nilimuomba sana.

Siku ya ine nikavuka. Niliingia kwetu nikakuta Dieudo amepiga magoti karibu na jiko, anachekecha muchanga na chekecheo ya unga. Hakuniangalia. Alisema: "Uchungu ulimushika Anto ile siku uliondoka. Nilikimbilia kopo, nikaimwanga yote, mikono yangu inatetemeka. Nilikaangusha fasi hapa, ndeko, na sikukaona." Walimupandisha Anto juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, wakamusukuma chini ya mabombe. Alizaa njiani. Mutoto musichana alipona. Anto alitoka damu mpaka akakufa.

Dieudo aliniuliza mara moja tu: "Ulikaweka ndani ya kopo, si ndiyo?"

Nikajibu: "Ndiyo."

Kisha nikapiga magoti kando yake, nikachekecha muchanga pamoja naye, na kile kidole kinanichoma paja. Kesho yake nilikitupa katika mto Tshopo.

Dieudo hakuoa tena. Alimulea ule mutoto peke yake, nitamuita Merveille. Na kwa sababu ni mutu asiyejua kudanganya, mutoto alipokomaa alimuambia: "Mama yako alikufa sababu ya mikono yangu." Tangu pale Merveille anamupa baba yake salamu tu, basi. Nimeona ile miaka yote, ninakula kwao siku ya Noeli, ninanyamaza.

Sasa Merveille anaolewa. Juma iliyopita alikuja kwangu akaketi, akasema: "Tonton, baba yangu mudogo, ninataka wewe ndiye unishike mukono unipeleke mbele ya altare. Papa hapana. Papa ndiye alinikosesha mama." Nilitumaini Dieudo atakataa, atapiga kelele, atanifukuza. Jana alikuja mwenyewe na koti mupya aliyoshonesha kwa hii arusi. Akanipima nayo kwenye mabega, akanyoosha kola.

"Inakuenea," alisema. "Mutoto iko na haki. Mimi nitakaa nyuma. Wewe haukukosea mutu."

Nilisema merci.

Arusi ni Jumamosi hii. Nikisema, ninamurudishia Dieudo mutoto wake, lakini ninamunyang'anya rafiki moja aliye naye, na Merveille atajua tonton wake ni nani. Nikinyamaza, nitatembea kanisani na mutoto wa mutu, na baba yake atakuwa kwa benchi ya mwisho ananishukuru. Ninyi wenye muliisha kubeba kitu kama hii, musinifichie: nianze kumuambia nani, baba ao mutoto?