Taa Aliyoiziba Mzee

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, kabla kifo hakijamchukua mkewe, mzee alikaa garini pembeni ya mama huyo, aliyekuwa akiendesha na kusambaza mikate madukani kama siku zote. Gari likaanza kutetemeka. Mama akasogea kando ya barabara, akabandua kwa ukucha plasta iliyokuwa kwenye dashibodi. Chini yake taa ya injini ilikuwa inawaka na kuzima.

"Nani kaibandika?"

"Mimi. Ilikuwa inaniumiza macho."

Mama hakugomba. Hakuwa mtu wa kugomba.

"Twende tu, mama, maduka yanangoja."

Wapi! "Taa ikikonyeza hivi hatuendi. Injini ikifa tutakula nini?"

Alizima gari, akafungua boneti, akangoja joto lipungue huku akiimba kwa pua. Kisha mikono ile yenye unga kwenye kucha ikapitia waya mmoja mmoja, taratibu, kama inayomsuka mtoto nywele, mpaka ikaupata waya wa plagi uliochomoka. Akausukuma, ukalia ta! Alipowasha, injini ikatulia na taa ikaacha kukonyeza. Akajipangusa, akamtazama mumewe, akacheka.

"Baba, hili gari linakuzidi akili. Lenyewe likiumwa linasema."