Weusi wa Vanishi

Fundi wa kompyuta pale kiwanda cha uchapaji hubana pumzi kila anapobofya, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nilimpelekea picha ya mama, Mungu amrehemu, ya jalada la kijitabu cha sala. Nilitaka uso wake ung'ae kwa vanishi, ile rangi angavu inayopakwa juu ya karatasi iliyochapwa. Kumbe panapotakiwa kung'aa, yeye hupapaka weusi mtupu kwenye faili, ili mashine ijue pa kupaka vanishi. Alizunguka ukingo wa kilemba polepole, mkunjo kwa mkunjo.

"Fundi, marehemu halalamiki!" mwenzake akamtania.

"Wanawe wanaona."

Kisha akavua kofia, akaiambia picha, "Niwie radhi, mama," ndipo akaufunika uso kwa weusi. Siku ya maziko nilishindwa kutazama alipofunikwa. Safari hii nilitazama.