Mbuzi Aliyekula Msitu wa Baba

Hili jambo bado linanifanya nifiche uso, lakini wacha niliseme: siku baba yangu alipofungua mdomo kueleza kitu alichokificha moyoni tangu vita, mimi binti yake ndiye niliyemnyamazisha, tena mbele ya watu wa kanisa, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya meza iliyovunjika.

Baba alikuwa dereva wa treni kule Kabalo kabla vita havijatukimbiza hadi Bujumbura. Alipotoka hospitali mwaka huu alikuwa amedhoofika, haongei, nikaamua kumtengenezea reli ndogo juu ya meza. Treni ya betri niliipata kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique kwenye rundo la michezo ya watoto, milima nikaiumba kwa magazeti na gundi, ikabaki miti. Mashina niliyasokota kwa nyaya kuukuu za umeme. Kwa majani, mume wangu alinishauri nikate sponji ya godoro lililochakaa, niipake rangi ya kijani, lakini mimi nikaona uvivu wa kupaka (balaa lilianzia hapo), nikachukua sombe, yale majani ya muhogo, niliyokuwa nimeanika uani, nikaifikicha, nikaibandika kwa uji wa muhogo. Ilipendeza, ungedhani ni miti ya kweli!

Jumapili waumini walikuja kwetu, mtaani Ruziba, kumshukuru Mungu kwa sababu baba amepona. Meza tukaitoa nje, uani. Wanakwaya walimletea baba zawadi ya mbuzi, nami nikamfunga kwenye nguzo ya jikoni, kwa haraka haraka.

Treni ikaanza kuzunguka. Baba aliitazama, akaitazama, halafu akanyoosha fimbo yake hadi kwenye mti mmoja kando ya reli.

"Kulikuwa muti kama huu pale stasio ya treni," akasema. "Ni hapo nilimuacha mudogo wangu. Nilimuambia, we ungoje hapa, mi nakuja..."

Maisha yangu yote sikuwahi kusikia kwamba baba ana mdogo.

Hapo hapo mbuzi, aliyekuwa ameshafungua kamba bila mtu kuona, akapenyeza kichwa kando ya fimbo ya baba na kuung'oa ule mti, waya na vyote.

"Mbuzi inakula pori!" mwanakwaya mmoja akapiga kelele, na uani kote wakaangua kicheko.

Mimi sikumwangalia baba. Niliona miti yangu tu ikitafunwa, nikaruka kumshika mbuzi, yeye akavuta na mimi nikavuta, mguu wa meza ukakatika, nikaanguka pamoja na milima, sombe imenijaa puani, na treni kando yangu imelala ubavu huku magurudumu yakizunguka bure. Hata mchungaji alikuwa anafuta machozi kwa kucheka.

Nilipoinua kichwa, baba alikuwa ameshusha fimbo.

"Baba, endelea," nikamwomba. "Huyo mdogo wako aliitwa nani?"

"Apana, Mado. Watu wanafurahi. Acha wafurahi."

Akaomba apelekwe ndani.

Nimeshatengeneza miti mingine, ya sponji, na meza, mguu ukiwa umepigiliwa misumari, iko sebuleni. Kila jioni baba huketi mbele yake akiitazama treni, kimya, nami sithubutu kumuuliza. Lakini nimeapa: siku atakayoanza tena kusema, mbuzi wa Ruziba nzima waje waitafune miti, reli na meza yenyewe, mimi sitainuka pale nilipoketi.