Mchi wa Mama Juu ya Kichuguu

Sauti ninayotembea nayo tangu utotoni ni ya makopo matupu yakigongana juu ya mpunga. Makopo ya maziwa, ya mafuta, ya rangi, mengine yameliwa na kutu, na ndani ya kila moja kokoto mbili tatu. Nimeishi Tunduma, Kahama, Kigoma na miji mingine ambayo sikumaliza hata mwaka, nikiwapikia mafundi kwenye maeneo ya ujenzi, na mpaka leo kopo likibingirika barabarani nageuka. Papo hapo nimerudi kijijini Mamba, kwenye majaruba yetu ya mpunga, mwaka niliokuwa darasa la saba.

Kwetu mpunga ukianza kuinamisha vichwa, ndege waitwao kwelea kwelea hufika kama moshi. Wingu linajikunja, linashuka, na likiinuka tena jaruba limebaki mashuke matupu. Ndiyo maana msimu huo watoto hupandishwa madungu, vichanja vya kulindia shamba, wakiwa na kombeo na madonge ya udongo, wakipiga kelele kutwa hadi koo likauke. Darasa la sita nililinda ndege wiki nne. Niliporudi shuleni mwalimu wa hesabu alikuwa ameshavuka mahali ambapo sijapaelewa hadi leo, na kwenye mtihani nikawa wa mwisho kasoro mmoja. Basi mpunga ulipoanza kuiva tena, nilijua kabisa kwamba nikipanda dungu mwaka huu, sekondari nimeiaga.

Baba alilisema bila ukali. Yeye alikuwa anashinda na kulala ng'ambo ya mto, akifukuza nyani kwenye mahindi, na mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni. "Sesi atalinda ndege," alisema akinionyesha mimi. "Hakuna mtu mwingine." Mama aliendelea kumenya muhogo wake mpaka mwisho, ndipo akasema, "Sesi ataenda shule. Ndege niachie mimi."

"Kwani wewe una mikono mingapi?"

"Miwili. Na mchi."

Baba akacheka. "Haya. Lakini Jumamosi nakuja kuangalia. Nikikuta jaruba limeliwa, huyu anashuka kwenye dawati anapanda dungu."

Katikati ya shamba letu palikuwa na kichuguu kikubwa ambacho hakuna aliyewahi kukilima. Mama alikisawazisha juu kwa jembe, akapandisha kinu chake. Akachuna magome ya miombo, akasokota kamba, akazipitisha juu ya vijiti hadi kila pembe ya shamba, akaning'iniza makopo. Ncha zote alizifunga kwenye mchi. Akiunyanyua, shamba zima linalia. Akiushusha, mahindi yetu ya kula yanatwangika. Siku ya kwanza alifunga kamba fupi mno. Aliponyanyua kwa nguvu vijiti vitatu viling'oka, naye akarudi nyuma na kukipiga kinu teke hadi kwenye matope. Jirani yetu, Mama Tedi, alishika kiuno njiani. "Jamani, Mama Sesi! Siku hizi unawatwangia ndege?"

"Ndiyo, na wewe leta mahindi ya kwako, wabadilishe mboga."

Makopo hayakutosha. Mama akachukua kaseti ya kwaya ambayo baba aliinunua Mpanda, akaufumua utepe wote, akautandaza kati ya vijiti ili upepo uuvumishe. Nilimwambia baba atakasirika. Akanijibu kwamba betri za redio ziliisha tangu Krismasi, na kwamba angalau sasa kwaya itaimba.

Siku mbili ndege hawakugusa kitu. Siku ya tatu nilipotoka shule niliwakuta wanakula kando ya makopo yenyewe, hawana habari. Kona moja ya jaruba la mwisho ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa ameegemea mchi, jasho linamtiririka, mtoto analia mgongoni. "Wamenizoea," alisema. "Wameshajua mapigo ya mkono wangu." Nilianza kulia. Nikamwambia kesho nibaki tu nyumbani. Akanitazama kama mtu anayepima nguo. "Ukibaki, watakuzoea na wewe."

Asubuhi alikwenda kisimani na kuwatangazia wanawake kwamba juu ya kichuguu chetu kuna upepo wa kupeta usiopatikana Mamba nzima; pumba zinaondoka zenyewe. Na ilikuwa kweli. Wakaja na nyungo na mahindi yao, wakatwanga kwa zamu kwa mchi ule ule wa kamba, wa kwanza akiwa Mama Tedi. Huyo alitwanga haraka haraka kama anafukuzwa. Bibi mmoja alipiga mara moja, akapumzika, akasimulia habari ya mkwe wake, akapiga tena. Wasichana walitwanga wawili wawili kwa kupokezana mchi. Wakaimba, wakataniana, wakasengenyana, na ndege hawakupata mkono wa kuuzoea.

Shule haikuwa mbali. Tukiwa kwenye hesabu za sehemu, upepo ulileta ule mgongano wa makopo hadi dirishani. Mwalimu akasimamisha chaki. "Hiyo kelele ya nini?" Darasa zima likanigeukia likicheka. Nikajibu nikiangalia chini, "Ni mama yangu, mwalimu."

Jumamosi baba alizunguka majaruba yote. Akaiona kona iliyoliwa. Akaugusa utepe wa kaseti kwa kidole. "Hii si kwaya yangu?" Kisha akapanda kichuguuni mbele ya wanawake wote, akaushika mchi, kazi ambayo mwanamume wa kwetu haifanyi hadharani, akatwanga mara tatu, akasikiliza shamba likilia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. "Haya," alisema. "Aende shule."

Nilifaulu, nikaja sekondari hapa Mpanda, nikamaliza kidato cha nne. Sikuendelea zaidi. Lakini hesabu ya vyakula vya mafundi mia naipiga kichwani, na mji mgeni haujawahi kunitisha. Nikifika natazama kwanza kuna nini mkononi. Sasa nimepanga hapa hapa mjini, mtaa wa Nsemulwa, ambako mashine ya kusaga iko hatua chache kutoka mlangoni na hakuna anayetwanga. Mama yuko Mamba, magoti yanamsumbua. Mchi ule alinipa nilipoondoka mara ya kwanza, na nimehama nao kila mahali. Juu una mfereji uliochimbwa na zile kamba, kidole kinaingia.

Juzi mpangaji mwenzangu aliuliza mbele ya watu uani huu mchi usio na kinu ni wa nini. Nilisimama, nikajibu kwa sauti, "Ni mama yangu."