Mwewe kwa Mlango wa Kuku

Juzi nilirudi nyumbani Yamumbi, asubuhi nikaenda kufungulia kuku, nikakutana na jicho la mwewe. Usishtuke, rafiki yangu, ni rangi tu. Mlango wa banda la mama ni kile kibao cha bati kilichokuwa juu ya ofisi ya kampuni ya ndege pale mjini Eldoret. Mvua imebambua rangi za juu mpaka ile ya kwanza kabisa ikajitokeza. Nilisimama hapo na mahindi mkononi, hasira ikanipanda upya.

Baba alikuwa akipakia mizigo katika kampuni hiyo. Ukimuuliza kazi yake, hakutaja mizigo. Alisema, "Mimi ni mtu wa ndege." Mtaa mzima ukamwita Mtu wa Ndege, na sisi watoto wake tukatembea shingo juu. Jioni tukipukuchua mahindi na nyanya, mngurumo ukisikika kutoka upande wa uwanja, nyanya aliinua kichwa na kusema, "Amekuja." Nikaandika hivyo kwenye insha, mwalimu akanichapa. Ndege wa manyoya ni amekuja, ndege ya chuma ni imekuja! Nikampelekea nyanya hilo somo. Akanimiminia maziwa ya mursik kikombeni, akaniuliza, "Kiko na macho na kucha, na wewe unakiita kitu?"

Alisema hivyo kwa sababu mkiani mwa kila ndege ya kampuni ile palichorwa mwewe mwekundu, macho makali, kucha wazi. Nyanya hakumpenda hata kidogo. Vifaranga wake wangapi walikuwa wamenyakuliwa na mwewe! "Mwewe hafugwi," alimwambia baba, "hata umpe nyama kila siku." Baba alicheka tu, akaendelea kumega ugali.

Kisha wakubwa wa kampuni wakaanza kubadilisha mchoro. Mara ya kwanza waliondoa kucha, ati zinaogopesha abiria. Kwa vile baba alikuwa na mkono mzuri, ndiye aliyepandishwa ngazi na brashi kupaka kibao cha ofisi. Alirudi ananuka rangi, amefurahi. "Sura mpya, kampuni mpya," akatuambia, maneno ya meneja hayo. Wiki chache baadaye safari za asubuhi zikafutwa. Mara ya pili kichwa kikaondoka, likabaki bawa, na wengi wa wenzake wakarudishwa nyumbani. Mwisho hata bawa likawa mstari wa buluu. Mstari tu, aki! Mtoto wa nasari angeuchora. Mama akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mstari huo haujakauka vizuri, ofisi ikatiwa kufuli. Wakubwa hawakuaga mtu.

Baba alikishusha kibao mwenyewe, akakileta nyumbani na kukiegemeza ukutani sebuleni, karibu na viti vyenye vitambaa vya mama. "Watarudi na sura ingine," alisema. Jirani yetu, mzee Msomali aliyekuwa na malori ya kubeba mahindi kutoka Moi's Bridge, alikuja kumsihi zaidi ya mara moja.

"Mzee, njoo usimamie upakiaji kwangu. Mizigo si ni mizigo?"

"Asante, Hajji," baba alimjibu kwa heshima. "Lakini mimi ni mtu wa ndege."

Najua utasema ni kiburi. Hata mimi nilisema hivyo, na wakati mwingine bado nasema. Lakini ni nani aliyemfunza kiburi hicho, akamvisha sare, kisha akamwacha nayo? Kila Jumatatu aliipiga pasi, akaivaa, akakaa nje akiangalia juu. Mama akauza maziwa yote ya ng'ombe wetu mmoja, na sisi, watu wa Uasin Gishu, tukanywa chai ya strungi kama watu wasiojua ng'ombe. Baba alizikwa akingoja. Wakubwa hawakutuma hata salamu. Waombolezaji walimwita Mtu wa Ndege mpaka kaburini, na siku hiyo jina lilinichoma.

Nyanya naye alishaenda. Pale tulipokuwa tukipukuchua mahindi pamegawanywa ploti, na mngurumo ukisikika siku hizi hakuna anayeinua kichwa. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu sarufi, sina ubishi. Lakini kitu hakinyakui mtu. Mwewe ndiye hunyakua.

Mama alinikuta bado nimesimama pale bandani. Kuku walikuwa wamekwisha kutoka, wanakwaruza mchanga chini ya lile jicho bila wasiwasi wowote. Akaurudisha mlango, akapiga komeo, akagonga uso wa mwewe kwa kidole.

"Huyu angalau alipata kazi ingine," akasema.